Niulize vipi na Kiswahili changu hiki?

SWALI: Shikamoo dada, mi nafuga kuku wa kienyeji huku Sengerema, niko kwenye grupu la wafugaji la WhatsApp ila naogopa kuuliza maana Kiswahili changu kimechanganyika na Kisukuma, juzi vifaranga sita wamekufa nikabaki naandika nafuta, naandika nafuta. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na hao vifaranga. Andika hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, mbona nimekuelewa vizuri tu! Anayejua kuku haangalii umekosea herufi gani, anataka kujua wana wiki ngapi, wamebaki wangapi, umewachanja lini dhidi ya mdondo (ule ugonjwa wa virusi wa kuku, wengine huuita kideri) na kinyesi kikoje, maana kikiwa cha kijani na shingo zinapinda mtu atawaza mdondo, kikiwa na damu atawaza koksidiosisi (ugonjwa wa vijidudu vya utumboni), na hayo mawili hayatibiwi sawa, mdondo wenyewe hauna dawa ni chanjo tu. Kuandika kukikushinda tuma voisi, na hicho kinyesi kipige picha mchana kwenye mwanga. Akitokea wa kukusahihisha lugha mwache apite. Ila usikae unasubiri majibu tu, wagonjwa watenge leo hii na umpigie afisa mifugo wa kata.