Asali kwenye begi la mkononi
Mkuu, umeuliza kama chupa ya asali ya nusu lita inaruhusiwa kwenye begi la mkononi ndani ya ndege: hapana, haipiti, hata ikiwa imeganda. Inahesabiwa kimiminika, na kikomo kwenye viwanja vingi vya ndege ni mililita 100 kwa chombo. Wanaangalia ukubwa wa chupa, siyo kilichobaki ndani. Masharti haya yalianza 2006, baada ya njama ya mabomu ya majimaji kugunduliwa Uingereza. Napeleka wageni KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) karibu kila wiki, chupa yao ya asali huwa naivalisha soksi mbili nzito za mlimani (zilizofuliwa, jamani!) katikati ya nguo kwenye begi kubwa. Kahawa ya Moshi beba tu. Ila kama unakwenda Australia, asali lazima uitangaze forodhani.