Msuguano upo, mbona nishati haipotei?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fom faivu PCM. Toka fom wani tunaambiwa msuguano unapinga mwendo na unakula nishati, sasa juzi kwenye swali la silinda inayobingirika mteremkoni ticha kachora kani ya msuguano halafu hapohapo katumia kanuni ya nishati kutopotea na hajakata chochote. Imekaaje hii? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Ticha yuko sahihi. Silinda ikibingirika bila kuteleza, ile sehemu inayogusa ubao, kwa muda uleule inapogusa, imetulia kabisa, kwa sababu silinda nzima inaenda mbele kwa kasi v na mzunguko unairudisha sehemu ya chini nyuma kwa v hiyohiyo, zinafutana. Pale msuguano unaposhika hapasogei, kwa hiyo kazi yake, yaani kani mara umbali, ni sifuri.

Ila usidhani umekaa bure. Unavuta kuelekea juu, unapunguza kasi ya kushuka na papo hapo unatoa torki ya kuizungusha, yaani unagawa nishati tu, nyingine ya kwenda, nyingine ya kuzunguka, jumla ileile. Jaribu kwa macho yako: chukua gololi na bangili, ubao wa mita 1, inua upande mmoja sentimita 20, ziachie pamoja bila kuzisukuma. Gololi itafika kama sekunde 1.2, bangili kama 1.4. Bangili masi yake yote iko ukingoni so nusu nzima ya nishati inaenda kwenye mzunguko, wakati gololi ni 2/7 tu. Na leta bangili kubwa, ndogo, nzito, nyepesi, muda ni uleule, masi na nusu kipenyo vyote vinajifuta kwenye hesabu! Mimi kwenye mekanika nzima hapa ndo napapenda kuliko pote.

Sasa angalia pembe ya mteremko. Tanjenti yake ikizidi mara 2 ya kizigeu cha msuguano (namba inayoonyesha nyuso zinashikana kiasi gani) bangili inaanza kuteleza, silinda iliyojaa, isiyo na uwazi ndani, ni mara 3, na ikishateleza hapo ndo nishati inageuka joto kweli na njia ya ticha haifai tena. Kwenye mtihani cheki hilo kwanza.

Na ile kauli ya kupinga mwendo iache, msuguano unapinga nyuso kuteleza. Bodaboda ikiondoka tairi la nyuma linataka kuteleza kurudi nyuma, kwa hiyo lami inalisukuma mbele, na ndo maana kwenye tope linazunguka weee na pikipiki haiendi.