Kaanguka na bodaboda, kajigonga pembeni ya kichwa: Panadol haitoshi

Pole sana dada. Nimekusoma, mdogo wako kaanguka na boda huko Urambo bila helmeti, akazimia kidogo akaamka, sasa anaongea vizuri ila kichwa kinamuuma na katapika mara mbili, unauliza kama Panadol inatosha. Haitoshi, mpelekeni hospitali ya wilaya usiku huu huu.

Hapo kati ya jicho na sikio ndo fuvu ni jembamba sana, mifupa minne inakutana hapo na kwa ndani unapita mshipa wa damu, mfupa ukivunjika mshipa unaweza kuchanika damu ikajaa kati ya fuvu na utando wa ubongo, mtu anaonekana mzima hata masaa kadhaa halafu anabadilika ghafla. Kwahiyo kuongea vizuri kusikutulize kabisa.

Tafuteni gari, asipande boda tena, shingo isichezeshwe. Aspirini na diklofenaki msimpe, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Akisinzia sana, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine au damu na majimaji yakitoka sikioni (msizibe), mwambieni daktari hapo hapo. Wakiwapa rufaa ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, kwa ajili ya siti skani (CT scan, picha ya ndani ya kichwa) nendeni, msisubiri asubuhi.