Kuinua pua ya pikapu iliyoshuka upande mmoja

Umeuliza kama unaweza kuinua mbele ya pikapu yako nyumbani, maana upande wa kulia umeshuka. Unaweza, ila chungulia kwanza chini. Ukiona chuma kirefu cha mviringo kimetoka kwenye mkono wa tairi kwenda nyuma sambamba na chasisi, hiyo ni tosheni baa, yaani chuma kinachofanya kazi ya springi kwa kujisokota, na mwisho wake kuna boliti ya kurekebishia. Ukikuta springi ya kuviringika, acha. Hiyo haina boliti, na kuifungua bila kifaa cha kuibana ni kucheza na roho.

Sawazisha upepo wa matairi, egesha pa tambarare, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Piga jeki kwenye chasisi hadi tairi zining'inie, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), pulizia boliti mafuta ya kulegeza kutu. Kaza mzunguko mmoja au miwili tu. Shusha, endesha kidogo tosheni baa zikae, ndipo upime tena. Wengi hupima papo hapo wakadanganyika.

Usizidishe sentimita 3 hivi. Ukipita hapo shafti za mbele na boljointi (viungo vya mkono wa tairi) zinakaa kwa pembe mbaya, na gari linaanza kurukaruka. Kukaza hakuongezi nguvu ya kubeba, kunainua tu.

Ukimaliza, peleka alaimenti (kunyoosha matairi) na ushushe taa, la sivyo utawapofusha wanaokuja mbele.