Mandolini mbili nyumbani: tuni rahisi tuzitoe wapi?

Barua za safari hii zote ni za mandolini, chombo kinachosahauliwa katikati ya gitaa na udi.

Salaam Mhariri. Mimi na binti yangu wa miaka 11 tuna mandolini mbili. Vitabu vya nyimbo za watu wawili tunavyoviona vimejaa noti kama siafu. Nyimbo za asili zilizo rahisi tutazipata wapi? – Baba, Tanga

Baba, achana kwanza na kutafuta kitabu chenye neno "mandolini" kwenye jalada. Nyuzi za mandolini hupandishwa kama za fidla, yaani G, D, A na E kuanzia nene, ila kila uzi una pacha wake. Kwa hiyo kitabu chochote cha fidla ni chenu pia. Tuni nyingi za asili zimetokana na koo la mtu wa kawaida, si la mwimbaji wa kulipwa, ndiyo maana mara nyingi hazizidi noti nane au tisa kutoka chini hadi juu. Chagueni hizo. Ikizidi sana hapo, vidole vya mtoto vitaanza kuhangaika na raha itaishia njiani.

Hazina ya karibu huenda iko kabatini mwenu, au kwa jirani anayeimba kwaya: kitabu cha nyimbo chenye solfa, yaani noti zilizoandikwa kwa herufi d r m f s l t (do, re, mi, fa, sol, la, ti). Sauti ya kwanza na ya pili zimeandikwa moja juu ya nyingine, tayari kwa watu wawili, hakuna cha kutunga. Uzuri wa solfa ni kwamba do huhama. Juu ya ukurasa paweza kuandikwa kuwa do ni Eb (E iliyoshushwa nusu sauti), ufunguo mchungu kwa mandolini. Nyinyi amueni do ni G na mwendelee. Tena baadhi ya tuni za vitabu hivyo ni nyimbo za vijijini zilizovishwa kanzu: Kingsfold asili yake ni Uingereza, Slane ni ya Ireland. New Britain, ambayo wengi huijua kwa maneno ya "Amazing Grace", ina noti tano tu: d r m s l. Hiyo ianzeni mapema. Binti apewe sauti ya pili kwanza, kwani haihamihami, na baba abebe tuni.

Sasa vidole. Mkiweka do kwenye uzi wa D mtupu (usiobonyezwa), r iko freti ya 2 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni, huhesabiwa kutoka vichwani), m ya 4, f ya 5. S ni uzi wa A mtupu, l freti ya 2, t ya 4, na do ya juu ya 5. Shusheni umbo hilohilo uzi mmoja, lianzie uzi wa G, mnapata do ya G. Lipandisheni lianzie uzi wa A, mnapata do ya A. Mtoto akilishika umbo moja ameshika funguo tatu.

Mkisoma noti za mistari, tafuteni mkusanyo wa Francis O'Neill uliochapwa Chicago mwaka 1903. Una tuni 1,850 za Ireland na haki zake zimekwisha muda, kwa hiyo unapatikana bure kwenye intaneti. Una mstari mmoja tu, sauti ya pili mtaiongeza wenyewe, na tuni nyingi ni za ngoma za mbio. Kwa hiyo anzeni na za polepole. Mfano mzuri wa tuni tulivu ya huko ni Planxty Irwin ya Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyeishi 1670 hadi 1738. Kwa kawaida hupigwa kwa do ya G.

Wanaotaka vipande vilivyokwisha kugawanywa wachukue vile 44 vya fidla mbili alivyoandika Béla Bartók mwaka 1931. Karibu vyote vimejengwa juu ya nyimbo za watu wa Ulaya Mashariki, na vimepangwa kuanzia rahisi. Kumi vya mwanzo vinawatosha kwa mwaka mzima. Angalizo moja: fidla hushikilia noti ndefu kwa upinde, ilhali ya mandolini hufa upesi. Noti ya mapigo mawili au zaidi ipigeni kwa tremolo, yaani risha (wapiga gitaa huiita piki) ikienda chini na juu haraka na kwa ulegevu. Kifundo kikikakamaa tremolo hugeuka kuwa mtetemo wa mashine ya kushona.

Kisha ziko zenu wenyewe. Ukuti ukuti na michezo mingine ya watoto haihitaji kitabu: imbeni, sikilizeni noti ya mwisho inapotulia, mara nyingi hiyo ndiyo do, itafuteni kwenye uzi, kisha andikeni solfa penseli mkononi. Nyimbo za mwimbishaji na waitikiaji zimekwisha kugawanyika zenyewe: mmoja aite, mwingine aitike, na mwisho wote wawili waingie kiitikio. Kwa watu wawili wanaoanza, hakuna mpangilio ulio mwepesi kuliko huo, maana kila mmoja hupata kupumua.

Mhariri, tuliambiwa Frère Jacques hupigwa kwa kufuatana. Tumeweka do kwenye uzi wa G mtupu, mwishoni tunakwama, sol ya chini haipo. Chombo ni kibovu? – Mama na mwana, Kisumu

Si kibovu. Uzi wa G mtupu ndio sakafu, chini yake hakuna kitu. Tuni yenye noti zilizo chini ya do isianzie hapo. Hamieni uzi wa D na ile sol mtaikuta uzi wa G, freti ya 2. Tuni yote ni hii, kila kipande mara mbili (alama ya mkato baada ya herufi ni noti ya chini ya do):

d r m d / m f s / s l s f m d / d s, d

Mama aanze. Mwana aingie wakati mama anagusa m ya kwanza ya "m f s", si kabla. Kosa lililozoeleka ni wa pili kuingia baada ya "d r m d" ya kwanza, akisahau kwamba kila kipande hurudiwa. Pengine pa hatari ni "s l s f": noti hizo nne hukaa ndani ya mapigo mawili, na f inadai kurudi uzi wa D freti ya 5. Kidole cha tatu kisipokuwa kimekwisha kuelea juu yake, mtu huchelewa, halafu hukimbia ili afidie, na wa pili hapotei peke yake.

Tukipiga tuni moja wote wawili inasikika kama mtu mmoja mwenye kelele. Sauti ya pili inatengenezwaje bila kwenda shule ya muziki? – Dada wawili, Mombasa

Iliyo nyepesi kuliko zote ni mvumo. Tuni ikiwa ya do ya D, mmoja apige nyuzi za D na A zikiwa tupu, mara moja mwanzoni mwa kila kipimo (fungu la mapigo), aziache zivume. Tuni za noti tano hukubali mvumo bila ugomvi. Zenye f na t nyingi hukwaruza mahali, na huo ndio wakati wa kuhamia njia nyingine.

Ya pili ni kupishana kwa oktava, na G ndiyo inayofaa. Wa chini hutumia umbo la kawaida kutoka uzi wa G mtupu. Wa juu huanza uzi wa D freti ya 5, na umbo lake ni jingine: r ni A mtupu, m freti ya 2, f ya 3, s ya 5, l ni E mtupu, t freti ya 2, do ya juu freti ya 3. Wa juu apige kwa upole, maana nyuzi za E zina makali na humfunika mwenzake.

Tamu zaidi ni ya kuruka noti moja, ile wanakwaya wanayoiotea kwa masikio. Tuni ikisema d r m f s, wa pili juu yake aseme m f s l t. Akikaa chini, aseme l, t, d r m. Hapa ndipo wengi huharibu: huifuata kanuni hadi noti ya mwisho. Tuni ikitua kwenye d, noti ya kuruka chini ni l, na wimbo wa furaha unamalizikia msibani. Mahali hapo wa pili aende s, au apande m. Vilevile tuni ikisimama kwenye s katikati ya wimbo, mahali ambapo sikio linangojea kurudi nyumbani, m chini yake hukosa nguvu, wekeni r. Andikeni sauti ya pili yote kwanza, mwimbe, ndipo mshike vyombo. Kinachoshindikana kuimbwa mara nyingi hushindikana kupigwa.

Na mkubaliane mkono. Noti iliyo juu ya pigo, risha ishuke. Ya katikati ya mapigo, ipande. Mmoja akienda kinyume, mkazo wake huangukia pengine na hata noti sahihi husikika zimepinda.

Wanangu wana miaka 8 na 14. Mkubwa anachoka kumsubiri mdogo. Kuna wimbo unaowatosha wote? – Mama, Birmingham

Upo, mama: Boil Them Cabbage Down, tuni kongwe ya wapiga fidla wa Marekani. Umbo lake jepesi lina noti nne tu, na zote zinakaa kwenye uzi mmoja wa D, freti 0 (uzi mtupu), 2, 4 na 5:

mmmm ffff / mmmm rrrr / mmmm ffff / mm rr d

Huyo wa miaka 8 apige hivyo: kidole cha kwanza freti ya 2, cha pili ya 4, cha tatu ya 5. Mkubwa apige kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja (hizi hazilipwi serikalini). Kwa freti za nyuzi G-D-A-E kwa mpangilio huo, D ni 2-0-0-2, G ni 0-0-2-3, na A iliyofupishwa ni 2-2-0-0. Zifuatane: D na G, D na A, D na G, kisha mwisho D, A, D. Akizizoea, azikate: apige pigo la pili na la nne tu, akizima nyuzi kwa ubavu wa kiganja. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana na itamshughulisha.

Metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) ianze 60 kwa dakika. Wakipita mara tatu bila kosa, ongezeni 4. Mwenye kuweka kasi awe mdogo. Mkubwa akiachiwa usukani, safari nzima ni vilio.

Mdogo akilalamika vidole, tafuteni seti nyepesi, inayoanza na uzi wa inchi .010. Inaruhusiwa pia kumvulia uzi mmoja wa kila jozi kwa miezi michache: nguvu ya kubonyeza inapungua kama nusu, na sauti inatosha kwa sebule.

Tuni za taarab zinawezekana? – Zanzibar

Nyingi ndiyo. Freti haziruhusi robo za sauti, kwa hiyo za maqamu (ngazi za noti za Kiarabu) za rasti na bayati zitakosa ladha yake. Tafuteni za nahawandi, kurdi, hijazi na ajam.

Kila mandolini peke yake iko sawa, tukiungana ni fujo. Kwa nini? – Baba na mwana, Dar es Salaam

Kwa kawaida mmepandisha nyuzi kwa vipimo viwili tofauti, kila mtu na simu yake. Tumieni kimoja, A iwe 440 (mitetemo kwa sekunde). Kaza uzi mmoja wa jozi hadi uwe sawa, kisha pacha wake ufuate huo kwa sikio hadi mawimbi ya "wau-wau" yapotee. Ukipita juu, legeza chini ya noti kisha upande tena. Uzi ulioshushwa kuifikia noti huendelea kuteleza.

Nyuzi tupu zikikubaliana lakini freti za juu zikigombana, kagueni daraja. Katika mandolini nyingi halikugundishwa, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 usikie sauti ya kengele, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko kengele, sogeza daraja kidogo kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lielekeze shingoni. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kulisogeza. Na siku ya kubadilisha nyuzi msivue zote kwa pamoja: daraja litaanguka na mtaanza kulitafutia mahali upya. Vueni jozi moja, mfunge mpya, ndipo mwende ya pili.