Kabla Hujailaumu HSP70, Pima Endotoksini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya protini za mkazo (HSP, zinazolinda seli dhidi ya joto na shida nyingine) kwenye kisukari, kila kundi jipya linakuja na makosa yaleyale, na sampuli nzuri zinaishia kwenye ndoo ya taka. Mgonjwa alikunja mkono wa shati akatoa damu ile kwa imani. Tuiheshimu.

1. Sema ni HSP70 ipi na iko wapi. HSP70 ni familia. HSP72 ndiyo inayopanda seli ikipata joto. HSC70 ipo siku zote, na kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa hukaa karibu nayo mno. Kingamwili inayoshika zote mbili itakupa mstari mnene hata kwenye seli isiyopashwa, nawe utaandika kwamba joto halikubadili kitu. Mahali nako kuna uzito wake: ndani ya seli HSP72 huizuia JNK (kimeng'enya cha ishara za mkazo), na JNK ikitulia, IRS-1 (protini inayopeleka ujumbe wa insulini ndani ya seli) haibandikwi fosfati kwenye serini, zile asidi amino ambazo zikibandikwa huziba ujumbe huo. HSP70 iliyotoka nje, ikawa kwenye plazma, huhusishwa na inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili). Ukiandika "HSP70 ilipanda" ukanyamaza hapo, bado hujaniambia kitu.

2. Ukitaka kupandisha HSP72, usiweke flaski ya seli kwenye inkubeta ya 42°C ukaanza kuhesabu dakika, maana hewa hupasha midia polepole. Kaza kifuniko, zungushia Parafilm, izamishe kwenye beseni la maji la 42°C kwa saa moja, na uweke flaski ya pembeni yenye midia tupu na kipimajoto ndani. Kisha irudishe 37°C kwa saa 6 hivi. Ukivuna mara tu baada ya joto, mRNA (nakala ya maagizo ya kutengeneza protini) utaiona imepanda ila protini bado iko njiani.

3. Sasa endotoksini, na hapa naomba mkae chini. HSP70 nyingi za kununua hutengenezwa ndani ya bakteria E. coli, na utando wa nje wa E. coli umejaa LPS (lipopolisakaridi, ndiyo endotoksini yenyewe), ambayo hupita pamoja na protini kwenye hatua za usafishaji. Fani yetu nzima iliwahi kuteleza hapa. Mwaka 2000 hivi taarifa zilisema HSP70 yenyewe huamsha makrofeji (seli za kinga) zitoe TNF, protini ya inflamesheni, kupitia kipokezi CD14, na baadaye kipokezi TLR4 kikaongezwa. Mwaka 2003 Gao na Tsan wakaonyesha kwamba HSP70 iliyosafishwa vizuri haikutoa TNF kwenye makrofeji za panya. Kilichokuwa kikifanya kazi ni LPS iliyochanganyika nayo. Miaka ya kazi ya watu ikabidi isomwe upya.

Fanyeni hesabu. Protini yenye LPS ng 0.2 kwa kila µg, ukiimwaga kwa µg 5 kwa ml, umewapa makrofeji ng 1 ya LPS kwa ml. Hiyo inatosha kabisa kuziamsha. Na kwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu LPS ikishika TLR4 huwasha NF-κB (swichi ya jeni za inflamesheni) na JNK, kisha IRS-1 inapigwa fosfati kwenye serini. Yaani uchafu unakupa picha ileile uliyoitabiri kwa HSP70 ya nje! Matokeo yanayokubaliana na dhana yako hayakushtui, na ndiyo maana kosa hili linarudi kila mwaka.

Kwa hiyo pima LAL (kipimo cha endotoksini) kwenye kichupa kilekile utakachotumia. Cheti cha kiwandani hakijui kilichotokea baada ya wewe kukifungua. EU (kizio cha endotoksini) 1 ni takriban ng 0.1, andika EU kwa kila µg ya protini. Weka kontroli ya LPS peke yake kwa kiasi ulichokipima. Ongeza polimiksini B, dawa inayoishika LPS na kuizuia, ukikumbuka kwamba haizuii flajelini (protini ya mkia wa bakteria) wala lipoprotini za bakteria. Kuchemsha pekee si ushahidi: mmefundishwa kwamba moto huua protini na kuiacha LPS, lakini LPS ya kiwango kidogo nayo hupungua nguvu ikichemshwa. Vyombo vya kioo vikaukie kwenye oveni ya 250°C kwa dakika 30. Otoklevu ya 121°C huua bakteria na kuiacha endotoksini mahali pake.

4. Plazma ya waridi, tupa. Chembe nyekundu zina HSP70 yao, zikipasuka zinakudanganya. Usichanganye serumu na plazma kwenye jedwali moja, na gawa sampuli kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha.

5. Misuli ya panya si nyama tu. Soleasi na EDL ni misuli miwili ya mguu, na soleasi ina HSP72 nyingi kuliko EDL hata kabla ya joto. Linganisha soleasi na soleasi.

6. Mtasikia habari ya maji moto. Mwaka 1999 mtafiti Hooper aliwaweka wagonjwa 8 wa kisukari cha aina ya 2 kwenye beseni la maji moto dakika 30, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 3, na sukari ya kufunga ikashuka kwa wastani kutoka mg/dl 182 hadi 159, karibu mmol/l 10.1 hadi 8.8. Inatia moyo, lakini ni watu 8, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na HSP72 haikupimwa. Mkiiga utaratibu huo, mchunguzeni kila mshiriki hisia za miguu kwanza. Aliyepoteza hisia ataungua bila kujua, kwa hiyo maji yapimwe kwa kipimajoto kabla hajaingiza unyayo.