Barua kwa mwanangu: Buffalo au Louisville, wapi utapata watu

Mama, shikamoo yako nimeipokea, marahaba.

Meseji yako ndefu nimeisoma yote. Unasema hospitali mbili zimekukubali kwenye maabara, moja Buffalo kule jimbo la New York na moja hapa Louisville, Kentucky, mshahara karibu sawa, na kwa vile baba yako kaishi miji yote miwili unataka nikwambie ukweli wapi kuna maisha na wapi kuna watu, maana hutaki kumaliza miaka unatoka shifti unaingia ndani unaongea na TV. Haya. Ila ujue mama yako kasimama nyuma ya kiti anasoma kila ninachoandika, na kura yake yeye ni Louisville, chumba chako keshakitandika. Mi nasema ninachokiona.

Kwanza usidanganyike na namba. Watu wakisikia Louisville ina watu laki sita na ushee na Buffalo haifiki laki tatu, wanadhani Louisville ndo mji na Buffalo kijiji. Louisville mwaka 2003 waliunganisha jiji na kaunti nzima, ndo maana inaonekana kubwa hivo. Buffalo mwaka 1950 ilikuwa na watu 580,000, baadae viwanda vya chuma vikafa, meli za nafaka zikaacha kupita, zaidi ya nusu ya watu wakaondoka zao. Kwa hiyo ni mji uliojengewa watu wengi wakabaki wachache, una makumbusho ya sanaa ya mji mkubwa, una ukumbi wa muziki wa mji mkubwa, bustani hivo hivo, halafu foleni hamna. Tena bustani za miji yote miwili kachora mtu mmoja na kampuni yake, Olmsted, yule wa Central Park ya New York. Ukitembea Delaware Park kule na Cherokee Park huku utaona mkono ni ule ule.

Sasa watu. Buffalo upande wa West Side tuliokuwa tunakaa, nyumba nyingi ni za mbao za ghorofa mbili, familia moja juu moja chini, na kila moja ina kibaraza chake kinatazama barabara. Kile kibaraza mama usikidharau. Kuanzia Mei mpaka Septemba watu wanaishi pale, wanakula pale, wanagombana na simu pale, na wewe ukipita huwezi kupita hivihivi utasalimiwa tu, na ukipita mara ya tatu utaulizwa we ni wa wapi na mara ya nne utapewa soda. Na wikendi ya mwisho ya Julai wana kitu wanaita Garden Walk, wameanza 1995, watu wanafungua bustani za nyuma ya nyumba zao, mamia ya nyumba, bure, unaingia uwani kwa mtu usiyemjua unaangalia maua yake, yeye kakaa kwenye kiti anakuelezea ua moja moja. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani natafutiwa kesi.

Halafu baridi yenyewe. Najua ndo unachoogopa na sitakudanganya, ni baridi ya kuumiza. Ule upepo unapita juu ya Ziwa Erie, maji bado yana vuguvugu, unazoa mvuke unaenda kuumwaga nchi kavu, na unamwaga kwa mstari, sio kila mahali. Novemba 2022 Orchard Park kule kusini walipata theluji karibu mita mbili na kaskazini ya mji watu wanatembea na viatu vya kawaida. Krismasi ya mwaka huohuo ndo ikaja ile tufani iliyoua watu zaidi ya 40, magari ya zimamoto yenyewe yalikwama. Upande wa mashariki wa mji kinyozi mmoja akafungua saluni yake usiku, watu wakalala humo makumi kwa makumi, kwenye viti vya kunyolea na chini sakafuni. Hiyo ni habari kubwa ilitoka kote, lakini ndogo zake ziko kila mtaa kila mwaka. Asubuhi ya theluji kila mtu yuko nje na koleo, ukimaliza kwako unamsogelea bibi wa jirani, mtu mwenye mashine anasafisha mtaa mzima hata hajaulizwa. Mi majirani zangu wengi nimejuana nao na koleo mkononi. Baridi inakutoa nje kwa nguvu, unakutana na watu utake usitake.

Na kuna Bills. Mama, hata kama futiboli ya Kimarekani huielewi, na mimi mpaka leo kuna sheria zinanipita, Buffalo utaielewa tu. Hii timu iliingia fainali kubwa miaka minne mfululizo, kuanzia 1991 mpaka 1994, ikafungwa zote nne. Zote! Watu wa hapo wamerithishana hilo donda baba kwa mtoto na ndo linawaunganisha, hamna anayeringa. Siku ya mechi nesi, daktari, mfagiaji, wote wamevaa bluu na nyekundu, na mgeni akiuliza "jana tulishindaje" basi keshakuwa mwenyeji, hilo neno tulishinda ndo paspoti. Wale wanaoruka juu ya meza mpaka zinavunjika kwenye parking ya uwanja waache, usijaribu, mgongo huna wa akiba.

Chakula sitakaa sana. Mabawa ya kuku yalianzia pale Anchor Bar mwaka 1964, yanaliwa na ile sosi ya jibini yenye ukungu, ukiomba sosi nyingine ile ya ranchi watakuangalia vibaya. Ijumaa samaki wa kukaanga, Wakatoliki hao. Jumatatu ya Pasaka Wapolandi wana sherehe yao wanamwagiana maji, nenda uone.

Louisville sasa. Hapa watu wana adabu mpaka inatia wasiwasi. Dukani utaitwa mpenzi na mama wa miaka sabini, mlango utashikiliwa, mtu atakusimamisha akuulize habari na atasubiri jibu kweli. Mwezi wa kwanza utasema huu ndo mji wangu. Mwezi wa sita utajiuliza mbona sijaalikwa kwa mtu. Maana swali la kwanza mwenyeji wa hapa anamuuliza mwenzie ni ulisoma shule gani, na hamaanishi chuo, anamaanisha sekondari. Jibu likitoka anajua dini yako, mtaa wenu, baba yako alikuwa na uwezo gani, na bila shaka mna mtu mnayemjua wote. Wewe ulisoma Tanga. Hawana nia mbaya hata kidogo, ila urafiki wao umeshajaa toka wana miaka kumi na nne, nafasi ya mtu mpya lazima ufunguliwe mlango na mtu.

Mlango wenyewe hapa ni kanisa, ndo nakwambia. Makanisa ya hapa ni ya kila saizi, kuna moja ni kati ya makubwa Marekani nzima linajaza watu kama uwanja wa mpira, na kuna ya Wakongomani yenye kwaya na magitaa kwenye jengo la kukodi, ibada inaanza saa nne inaisha wanapojisikia. Sisi tulipata watu hivo, na kwa sababu tulikuwa wawili, tuna watoto wadogo, watoto wanaleta wazazi wenzao. Wewe unakuja peke yako, na kanisani wewe sikusemi lakini tunajuana.

Na mdundo wa mji ni wa usiku kwa sababu ya ndege za mizigo. Kituo kikubwa cha UPS kipo hapa uwanja wa ndege, vifurushi vinapangwa kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri, na maelfu ya vijana wanafanya pale ili walipiwe ada ya chuo. Kwa hiyo vijana wa rika lako, hasa wetu, mchana wamelala. Ukiwa shifti ya mchana maabara mtapishana nao mwaka mzima.

Ila Derby, hapo Louisville haina mpinzani. Jumamosi ya kwanza ya Mei, toka 1875, farasi wanakimbia dakika mbili tu na mji unajiandaa mwezi mzima. Inaanza Aprili na fataki juu ya mto Ohio, halafu Ijumaa ya Oaks, siku moja kabla ya Derby, watu wanavaa pinki na shule za serikali zinafungwa kabisa, wenyeji wenyewe siku hizi wanaipenda Alhamisi kabla wageni hawajafurika. Uwanja upo kusini ya mji, mitaa ya watu wa kawaida, basi wenye nyumba za karibu wanauza nafasi ya kuegesha gari kwenye nyasi zao, wanasimama na kibao cha bei, hiyo biashara naipenda kuliko farasi. Hizo wiki ndo watu wa hapa wanafungua nyumba zao, pati kila uwani, na ukialikwa ya Derby basi umeingia. Lakini ni wiki chache, halafu wanarudi kwenye shule zao za sekondari.

Na Muhammad Ali yule bondia ni wa hapa, kazaliwa hapa 1942, kazikwa hapa 2016 kwenye makaburi ya Cave Hill, uwanja wa ndege una jina lake. Wazee wa Kikongomani wakifika Louisville wanataka kwanza kupelekwa kwenye makumbusho yake kwa sababu ya pambano lake la Kinshasa 1974, wanakusimulia raundi zote nane kama walikuwa kwenye kona yake. Mi huwa nawachomekea ya kwetu, kwamba 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam atushawishi tugomee Olimpiki ya Moscow na Mwalimu akakataa kumwona, kwamba mnatutumia bondia? Hapo kikao kinanoga.

Kiswahili utakipata kote. Kule West Side na huku kusini ya mji, kwenye duka lolote lenye unga wa muhogo na samaki wakavu, utawasikia Wakongo na banasema zao, Warundi, Wasomali wa kibantu. Watanzania tupo wachache kote kuwili. Louisville ina faida ya majirani, Lexington ipo saa moja na dakika kidogo na Wakongo wamejaa, Indianapolis na Cincinnati hazifiki saa mbili na nusu, kwa hiyo harusi na misiba haiishi wikendi. Buffalo unavuka daraja upo Canada, Toronto kama saa mbili ukiwa na makaratasi yako vizuri, na kule kuna kila kitu mpaka vitenge vipya. Kuna na soko la West Side Bazaar, wakimbizi wanapika, Waburma kwa Wahabeshi, pale ndo nilikuwa nakula mchana.

Kuhusu rangi yetu lazima niseme maana utaniuliza baadae. Hamna mji hapo uliopona. Buffalo mpaka wa weusi na wazungu ni Main Street, weusi mashariki, na hiyo barabara kuu inayopita katikati yao waliichimba kwenye njia nzuri ya miti ya huyohuyo Olmsted. Tarehe 14 Mei 2022 kijana mzungu aliendesha zaidi ya saa tatu kuja kuua watu weusi kumi wakinunua mahitaji ya nyumbani Mtaa wa Jefferson. Louisville mpaka ni Mtaa wa Tisa, weusi magharibi, na Machi 2020 polisi walimuua dada mweusi Breonna Taylor ndani kwake usiku, watu wakakaa barabarani wakiandamana miezi. Enzi za ubaguzi bustani ya weusi huku ilikuwa Chickasaw, Shawnee ya jirani ya wazungu, leo unaingia zote lakini ukivuka Mtaa wa Tisa bado utaona kwa macho. Kule Buffalo Juni kuna sherehe za Juneteenth, za kukumbuka mwisho wa utumwa, toka 1976, kubwa, upande wa mashariki, nenda hata mara moja ukae na wale wamama, watakupa historia ya mji kuliko mimi.

Mambo ya klabu na baa uliza rika lako. Nachojua kule ni Elmwood na Allentown, huku Bardstown Road na NuLu, na huku kila kitu kina wiski yao ya bourbon ndani, hata keki, kuwa makini.

Basi ushauri wangu, na mama yako aniwie radhi, nenda Buffalo. Wewe toka mdogo hubishi hodi. Ukiwekwa kwenye watu unachangamka mpaka unakuwa wa mwisho kuondoka, lakini kuanza wewe huanzi. Louisville inamsubiri mtu aanze, na ukija huku utakaa na sisi, utakula ugali wa mama yako, utaenda tunakoenda, baada ya miaka mitatu marafiki zako watakuwa wazee wa kanisa na wake zao. Buffalo watakuanza wao, kwa koleo, kwa Bills, kwa kibaraza. Ungekuwa na mume na watoto ningekwambia kinyume chake bila kufikiri.

Ila usisaini kabla hujaiona Februari, sio Julai, Julai kila mji ni mzuri. Tafuta apatimenti West Side au North Buffalo, chini au juu ya mwenye nyumba, usichukue zile za majengo makubwa nje ya mji, kule hata Buffalo utakuwa unaangalia ukuta. Wamekupa mpaka lini kujibu? Kama ni kabla ya Machi nichukue likizo twende wote na gari, ni mwendo wa siku moja na matairi ya theluji bado ninayo. Mama yako anasema na yeye anakuja, anataka kumwona huyo mwenye nyumba.

Baba yako